Vita vya Rafia Vilivyopanda Treni hadi Kamina

Tangu turudi, sipumui. Asubuhi anakuja jirani kuomba kiberiti, na kiberiti anacho mfukoni. Jioni anakuja mwingine kuuliza kama cherehani yangu imepona, na haijawahi kuugua. Wakishakaa ndipo wanatoa walilolijia: Mama Kapinga, ni kweli askari waliwakamata Tenke? Ni kweli Maître nusura apoteze kazi kwa sababu ya tembo? Na mumeo, mbona hakufika Kamina? Nimechoka kuanzia katikati kila mara. Nitasimulia hapa mara moja, kituo kwa kituo, na atakayetaka kusikia tena aje na kitambaa cha kushonesha.

Kikula hadi gare ya Likasi

Mnamjua Maître Kyungu, mwalimu wa historia, yule anayepanga chumba nyuma ya nyumba yetu mtaani Kikula na kula kwetu mara nyingi kuliko watoto wangu. Wanaume wengine hupenda bia, wengine hupenda wake za watu. Maître anapenda majeshi ya wafalme wa Kigiriki. Bukari, ugali wetu, ikishawekwa mezani, anaanza.

Alexander, anasema, alikufa kijana, hakuacha mtoto aliyefikia kunyoa ndevu. Majenerali wake wakaigawana dunia kama wachinjaji wanavyogawana ng'ombe: huyu paja, huyu mbavu. Mmoja akachukua Misri. Mwingine akachukua Syria na nchi za mashariki hadi kuelekea India. Uzao wao ukaendelea kugombania mfupa wa katikati, mpaka siku moja Antioko wa Syria na Ptolemayo wa Misri wakakutana Rafia, kwenye mchanga karibu na Gaza, kila mmoja na maelfu ya watu na kundi la tembo wa vita.

Hapo Maître husukuma sahani na kupanga vijiti vya kiberiti. Hii ni falanga: watu bega kwa bega, safu nyuma ya safu, kila mmoja ameshika kwa mikono miwili mkuki mrefu kuliko paa la nyumba yangu. Mikuki ya safu tano za mbele inatokeza pamoja. Adui akija, hakutani na mtu, anakutana na ua wa ncha. Na huyu hapa, anasema akichukua kipande cha samaki wangu, ni tembo.

Basi aliandika mchezo wa kuigiza, na mchezo ukaalikwa Kamina kwenye mashindano ya mkoa. Vijana wa shule na wa kiwandani wakawa falanga. Maître mwenyewe akawa Ptolemayo. Mimi nilitaka kuwa Arsinoe, dada wa mfalme, ambaye alipita mbele ya askari nywele wazi akiwatia moyo. Maître akaniambia sauti yangu ni ya sokoni. Nikapewa kushona.

Nilishona tembo wawili wa magunia ya unga. Wa India mkubwa, wa Misri mdogo, maana Maître alisema wale wa Misri walikamatwa huku kwetu Afrika, pwani ya Bahari ya Shamu, na walikuwa wa jamii ya wadogo. Ndani ya huyo mdogo, miguu ya mbele ilikuwa Kaumba, mchinjaji wa soko la Kikula, mtu mwenye kifua kama mlango wa kanisa. Miguu ya nyuma ilikuwa mume wangu, Baba Kapinga. Anafanya kazi kwenye tanuru la shaba, ana mapaja imara, na haongei. Kwa miguu ya nyuma, huwezi kupata bora.

Kwenye gare, stesheni ya treni, chef wake alizunguka rundo la mikuki yetu mara mbili.

"Maître, hii njo nini? Munapeleka antenne ya radio?"

"Apana, chef. Ni mikuki."

"Ya kuua nani?"

"Bantu ya Syria."

Chef aliwaza juu ya hao watu wa Syria. Akasema juu ya paa haiwezekani, kwa sababu kuna waya, na umeme wa bwawa la Koni hauulizi mtu kama yuko kwenye teatri. Ndani nayo mikuki haikukata kona ya mlango. Kaumba akatoa wazo la kuikata katikati, kwa sauti ya mtu aliyezoea kukata. Maître akasimama mbele ya mikuki, mikono wazi.

"Kama unakata, si falanga tena. Ni bantu na fimbo!"

Mwishowe tuliipitisha dirishani, mmoja mmoja, ikalala kwenye korido ya behewa kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila aliyekwenda chooni aliruka kama mbuzi. Kambove aliingia bibi mmoja na kuku wake, akaona mikuki, akadhani ni benchi, akakaa. Hakuna aliyethubutu kumwambia.

Dakika ya mwisho pale Likasi alikuwa amepanda mwananchi mwenzetu, Citoyen Ilunga, aliyetumwa na chama tawala kutusindikiza. Abacost mpya, lile koti la kufungwa hadi shingoni, sanduku dogo, uso wa mtu aliyekwisha kukasirika tayari kwa safari nzima. Alikuja kwenye mazoezi yetu yote, lakini tembo walikuwa wanatokea sehemu ya tatu, na yeye alikuwa akisinzia kuanzia ya pili.

Tenke

Tenke ndipo reli zinapoachana, moja kwenda Kolwezi, nyingine kaskazini kwenda Bukama na Kamina. Tulitakiwa kushuka na kungoja treni ya kaskazini. Itafika lini? Aliyeulizwa alitazama angani, kama vile treni ingetoka huko.

Kaumba akaanza kushusha mikuki kwa dirisha, bila kuangalia nje. Alisukuma wa kwanza kwa nguvu za mchinjaji. Kwenye jukwaa alikuwa anapita mama mmoja na beseni la beignets, maandazi yetu, kichwani. Ncha ya mkuki ikaingia kwenye sikio la beseni, ikaliinua taratibu, kama padre anavyoinua kikombe. Yule mama alitembea hatua kadhaa na kichwa kitupu kabla ya kusikia wepesi.

"Banaiba!" akapiga kelele. "Banaiba na muti!"

Beignets zikamwagika, watu wakazikimbilia, na nyuma ya watu wakaja askari. Sergent wao alikuwa mwembamba, mwenye masharubu yaliyopangwa vizuri kuliko askari wake. Alitazama mikuki ikitoka dirishani, mmoja, mwingine, mwingine, haina mwisho. Akashika bastola.

"Bote chini! Silaha chini! Nani njo chef ya hii jeshi?"

Maître akajitokeza. Kwa bahati mbaya alikuwa akijaribu taji lake, nililolikata kwenye kopo la maziwa.

"Minye, sergent. Minye njo Ptolemayo."

Sergent alilionja jina hilo kama dawa ya minyoo. "Ni jina ya wapi?"

"Ya Kigiriki."

"Hauyue kama majina ya Bazungu ilikatazwa?"

"Sergent, huyu muntu alikufa zamani, mbele ya Yesu kuzaliwa."

"Alikufa na hiyo jina?"

"Ndiyo."

"Basi yeye abakie nayo. Weye uko muzima. Na adui yenu?"

"Antioko, wa Syria."

"Aliingia na njia gani? Ya mupaka wa Kipushi?"

"Haiko ameingia. Walipigana Rafia."

"Rafia iko territoire gani?"

Nilimwona Maître akivuta pumzi, na mimi namjua: angeanzia kifo cha Alexander. Nikapita katikati yao na sufuria yangu.

"Sergent, baba, ni teatri tu. Kula kwanza. Njaa na historia, haviendi pamoja."

Nilikuwa na bukari iliyofungwa kwenye majani na sombe, majani ya muhogo, iliyopikwa na karanga. Sergent aliangalia sufuria, akaangalia mikuki. Akasema atakula, lakini wakati anakula hao watu wamwonyeshe vita yao, apate kujua kama ni vita kweli.

Basi vijana wakajipanga jukwaani. Maître akapiga ukelele, na mikuki yote ikashuka kwa pamoja, ya safu ya tano ikipita juu ya mabega ya safu ya kwanza. Abiria waliokuwa upande ule walihamia upande mwingine. Sergent alisahau tonge mkononi. Kisha vijana wakatembea, na uso wake ukabadilika.

"Apana, apana, apana! Munatembea sawa bantu banaenda soko! Muguu wa kushoto! Bote kushoto!"

Akaweka sahani chini, akaanza kuwafundisha. Tulikaa Tenke tukisikia kushoto, kushoto, mpaka hata bibi mwenye kuku akawa anatikisa mguu wa kushoto. Falanga iliyokuwa ikipinda kama mkia wa mjusi ikanyooka kama ukuta wa matofali.

"Na kama adui anakuya na upande?" sergent akauliza.

Macho ya Maître yaling'aa. Akamwambia huo ndio udhaifu wenyewe: falanga haigeuki upesi, inataka ardhi tambarare, na pembeni lazima ilindwe na farasi. Wakachuchumaa wawili kwenye vumbi jekundu, wakiweka vijiwe vya kijani vya kando ya reli: hivi farasi, hivi falanga. Ungedhani walibatizwa siku moja.

"Na hii jiwe mukubwa?"

"Tembo. Ya Antioko ilitoka India. Ya Ptolemayo ilitoka Afrika. Hii ya Afrika ilisikia harufu na makelele ya zile za India, ikaona ginsi ziko kubwa, ikageuka. Ilikimbia, ikakanyaga bantu yake yenyewe."

Nyuma yetu kitu kilianguka. Lilikuwa sanduku la Citoyen Ilunga, aliyekuwa amelikalia.

"Nani alikimbia?"

"Tembo ya Misri, citoyen."

"Ya Afrika? Ilikimbia ya Muhindi?"

"Ni historia, citoyen. Na bado Ptolemayo alishinda, juu ya nguvu ya falanga. Njo uzuri ya hii vita."

Citoyen Ilunga alifunga kifungo cha juu cha abacost yake, ingawa kilikuwa kimefungwa. "Sikia, Maître. Tembo ya Afrika haikimbii. Haikimbii Muhindi, haikimbii muntu. Mbele ya wakubwa ya Kamina, itasimama, na itashinda. Kama inakimbia, nitasema kwa wakubwa, na weye hautashika tena chaki katika hii inchi."

Sergent alirudi kwenye sombe yake kama mtu asiyesikia. Akatupa ruhusa, mikuki yote, kwa sharti moja: wafalme wasiitwe majina ya kigeni mbele za watu. Kuanzia hapo wakaitwa kwa neno letu la mfalme, Mulopwe wa Misri na Mulopwe wa Syria. Treni ilipokuja, alitupigia saluti. Maître peke yake ndiye hakuiona.

Bukama

Kutoka Tenke reli inashuka. Baridi ya juu inakuacha kidogo kidogo, unafungua shali, kisha unafungua dirisha, na mwisho unasikia harufu ya mto Lualaba kabla ya kuyaona maji. Safari nyingine ningefurahi. Safari hii behewa lilikuwa kimya kama chumba cha mgonjwa.

Citoyen Ilunga alipita kwa kila mtu. Akamfikia Kaumba.

"Unasimama?"

"Nitasimama," Kaumba akasema akitazama viatu vyake. Meza ya nyama sokoni inatolewa na watu wa chama, na watu haohao wanaweza kuiondoa.

Maître nilimpa bukari akaikataa. Kwa miaka ninayomjua, hata alipougua malaria hakukataa bukari yangu. Alikaa na kopo lake la maziwa magotini. "Mama Kapinga," akaniambia, "bantoto bangu ya shule bataniuliza: Maître, juu ya nini ulitufundisha ingine, ukacheza ingine?" Mume wangu alikuwa ameketi kando yake, anatazama nje. Hakusema kitu. Sikushangaa, yeye hasemi.

Bukama treni ilisimama kwa muda mrefu. Wamama walikuja na samaki wa kila namna, wabichi bado wanameta, wakavu weusi kama viatu vya padre, na ndakala, wadogo kama dagaa, kwenye majani. Baba Kapinga akanyanyuka.

"Naenda kuangalia samaki."

Nikamwambia asiende mbali. Akaenda mbali. Nilimwona kule mwisho wa jukwaa, ameinama juu ya kapu, anageuza samaki huyu na yule kama anayechagua mchumba. Treni ikapiga honi. Akageuza mwingine. Treni ikajivuta. Nikapiga kelele ya sokoni, ile iliyoninyima kuwa Arsinoe, na watu wote wa Bukama waligeuka isipokuwa mmoja.

Mwishowe akakimbia. Samaki mkononi, shati nje, miguu ile imara ikichapa vumbi. Kaumba akanyakua mkuki, akautoa dirishani kwa urefu wake wote.

"Shika, ndugu! Shika!"

Vidole vyake viligusa ncha, niliona kwa macho yangu. Kisha ncha ikaenda mbele na yeye akabaki nyuma, anapungua, na samaki wake.

Nilimlilia, nikamtukana, nikamlilia tena. Nilipokausha uso, nikakuta watu wote wananitazama. Vijana kila mmoja alikuwa na nafasi yake kwenye falanga, kwenye wapanda farasi au ndani ya tembo wa India. Citoyen Ilunga alitazama dari. Maître akakohoa.

"Mama Kapinga. Weye njo ulishona ule tembo."

"Nilishona. Sikusema nitaikala ndani."

"Bila miguu ya nyuma," Kaumba akasema kwa upole, "minye ni muchinjaji na bomba ku mapua."

Hilo lilikuwa kweli. Nikavua kikwembe, kile kitenge cha juu, nikaingia kwenye gunia kujaribu, hapo hapo koridoni. Bibi mwenye kuku, aliyekuwa bado nasi, akafanya ishara ya msalaba.

Kamina

Padre wa shule moja alitulaza madarasani na kutupa maharage. Kesho yake mchana, uwanja wa shule ulijaa. Kamina ni mji wa askari, basi nusu ya watazamaji walivaa kijani. Mbele kabisa, kwenye kiti cha sebuleni kilichobebwa na watu wanne, aliketi komanda: mnene, mtulivu, kofia imenyooka. Citoyen Ilunga alikuwa kando yake, akimweleza kila kitu kabla hakijatokea.

Kabla hatujaingia, Ilunga alikuja nyuma ya pazia, akainua mkonga.

"Kaumba! Unasimama?"

"Nitasimama, citoyen."

Akaenda. Hakuinua mkia.

Nataka mnielewe hapa, maana wengi mmesikia kwamba niliteleza. Ndani ya tembo kuna giza, harufu ya unga wa zamani, na mgongo wa Kaumba. Kuna pia mwanya mmoja kwenye mshono wa pembeni, nilioacha ili mume wangu apate hewa. Kwa mwanya huo nilimwona Maître pembeni ya uwanja, shuka begani, taji mkononi. Alisimama kama mtu anayengoja jeneza litoke hospitali. Vita vyake alivyovipanga kwa vijiti vya kiberiti juu ya meza yangu vilikuwa vinakwenda kudanganywa mbele ya mkoa mzima, na yeye mwenyewe akiwa ndani yake.

Nikafikiri hivi. Kaumba ameamriwa asimame. Vijana wameamriwa. Maître ameamriwa. Mimi nimepanda ndani ya huyu mnyama kwa bahati ya samaki, na hakuna mtu duniani aliyeniamuru kitu. Na kama wakiuliza, mke wa mtu aliyepotea Bukama, giza, joto, atalaumiwa nini?

Tembo wa India akaja, mkubwa, akipiga baragumu la bati. Kaumba akasimama imara. Mimi nikashika mkanda wake kwa mikono miwili na kuanza kwenda nyumbani.

"Mama Kapinga!" akanong'ona. "Tunasimama!"

"Weye simama. Minye naenda."

Tembo akarefuka. Watu wakaanza kucheka, maana hawajawahi kuona mnyama akivutana na matako yake. Nikasikia mshono wa tumboni unalia, na ule mshono nilishona mara mbili. Kisha mkanda wa Kaumba ukakatika, naye akawa na sababu kubwa ya kuondoka mbele za watu upesi. Tukakimbia wote wawili, kinyumenyume, kwa mwendo ambao tembo wa kweli wangeuheshimu.

Maître alisema tembo wa Misri walikanyaga watu wao wenyewe. Tulikanyaga. Nilisikia mikuki ikianguka kama kuni. Tukatoka upande wa pili wa falanga, hatuoni kitu, na kitu laini kikatuzuia. Kilikuwa komanda. Kiti, komanda, tembo, vyote chini, na kofia yake ikabingirika peke yake katikati ya uwanja.

Watu wote wakasimama. Hata watoto.

Nikasikia sauti ya Ilunga, nyembamba kama ya mtoto wa kwaya: "Mon commandant, hii ilikuwa tembo ya Muhindi!"

Na ya komanda, kutoka chini yangu: "Ya Muhindi njo ile inasimama pale."

Sijui kingetokea nini kama Maître angebaki pembeni. Lakini katika historia, wakati upande wake umevunjika na kila mtu anadhani amekufa au amekimbia, Ptolemayo alijitokeza ghafula mbele ya falanga, akaonwa na pande zote mbili. Kwa mwanya wangu nilimwona Maître akiweka taji kichwani. Akaingia mbio katikati ya vijana walioanguka, akawanyanyua kwa kola.

"Muguu wa kushoto!" akaita.

Mikuki ikashuka. Wakaenda hatua ya Tenke, kushoto, kushoto, ukuta mzima, vumbi likipanda. Askari watazamaji wakaanza kuhesabu pamoja nao, mamia ya sauti. Upande wa Syria haukuwa na mfalme: kijana aliyekuwa Antioko alikuwa amewafukuza wapanda farasi wetu nyuma ya madarasa na kusahau kurudi, kama ilivyokuwa Rafia. Aliporudi akihema, jeshi lake lilikuwa limekwisha kusukumwa hadi vyooni. Alisimama akashika kichwa. Nadhani hakuwa anaigiza.

Watu walipiga kelele hadi nikatoka ndani ya gunia. Komanda alikuwa amesimama, anapanguswa vumbi. Aliponiona mimi, mwanamke, jasho na unga usoni, aliacha vumbi lake, akaanza kupiga makofi. Uwanja mzima ukafuata. Ilunga akafuata pia.

Halafu komanda akamwita Maître. Aliuliza kwa utulivu, lakini wote tulisikia.

"Maître. Mu teatri ulisema: ile falanga, Mulopwe wa Misri aliweka ndani bantu ya inchi. Bakulima."

"Ndiyo, mon commandant. Mara ya kwanza. Mbele ya siku ile, alikuwa anatumika na Bagiriki tu."

"Akabapa mikuki. Akabafundisha."

"Ndiyo."

"Sasa, kiisha vita, balirudisha ile mikuki?"

Mimi jibu nilikuwa nalijua, alikwisha kuniambia mezani. Hawakurudisha. Walikuwa wameona kwamba wanaweza kushinda jeshi la mfalme, na haikupita miaka mingi wakamwinukia mfalme wao wenyewe. Na Maître Kyungu ni mtu asiyeweza kusema uongo juu ya watu waliokufa miaka elfu mbili iliyopita. Juu ya kodi ya nyumba anaweza. Juu ya hao, hapana. Nilimwona akifungua mdomo. Nilishika mkono wa Kaumba.

"Mon commandant," Maître akasema, "ile ni somo ya trimestre ya pili."

Komanda aliipokea kofia yake kutoka kwa askari, akaipangusa.

"Na hapa Kamina, muko trimestre gani?"

"Ya kwanza, mon commandant. Treni yetu ni kesho."

"Muzuri," komanda akasema, akivaa kofia. "Musiikose."

Jioni ile alitutumia mbuzi. Kaumba alimchinja akiwa na kamba mpya kiunoni. Kabla nyama haijaiva, Citoyen Ilunga alikuwa anawaeleza mapadre kwamba kukimbia kwa tembo lilikuwa wazo lake, kuonyesha kwamba jeshi la kweli halitegemei wanyama. Maître alimsikiliza, akampa kipande cha ini.

Bukama tena, na kurudi

Treni ya kurudi haikuchelewa, sijui kwa nini. Bukama nilitoa kichwa dirishani kabla haijasimama. Alikuwa ameketi juu ya kapu la samaki wakavu, amenenepa. Wavuvi walimkaribisha, alisema, walikuwa watu wazuri. Akapanda, akaweka kapu chini ya kiti, akaketi kando yangu. Mbele yetu Maître alilala, kopo lake kifuani, na Kaumba amemwegemea, anakoroma.

Alipofungua mdomo tulikuwa karibu na kituo cha Luena.

"Na tembo?" akauliza. "Baliweka nani?"

"Minye."

Aligeuka akanitazama, kuanzia miguuni.

"Ulisimama?"

"Nilikimbia. Nikaangusha komanda."

Alipokea habari hizo kama anavyopokea mshahara, akizigeuza huku na huku. Kisha akasema chini chini, akitazama magoti yake:

"Mama Kapinga. Ile mukuki ya Kaumba. Niliweza kuishika."

Nikamgeukia.

"Nilikuwa nayo mu vidole. Nikaona: kama nasimama, ninamuua rafiki yangu roho. Kama nakimbia, banafukuza minye ku kazi, na batoto bakule nini? Basi nikaachilia." Akapangusa uso kwa mkono. "Sikuyua kama bataweka weye. Kama ningeyua..."

Nilitaka kumpiga kwa samaki. Nilitaka pia kucheka, na vyote viwili vilikuja pamoja mpaka nikashindwa hata kimoja. Miaka yote hii nilidhani ananyamaza kwa sababu hana la kusema. Tulikaa hivyo, bega kwa bega, treni ikipanda kuelekea baridi. Nikawaza jinsi atakavyomwambia Maître, na kama atamwambia kamwe, na kama mimi nimwambie.

Mbele yetu Maître, kumbe hakuwa amelala, hakufungua macho. Alisogeza tu kopo kutoka kifuani, akalishusha chini.

"Baba Kapinga," akasema, "leta ule samaki."